Mashine yako iache hukohuko

Sakina, Arusha
12 Septemba

Ndugu yangu Aminieli,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa shemeji, aliyeshuka uwanja wa ndege wa KIA Jumamosi na begi la viatu vya watoto. Vimewaenea wote isipokuwa Neema. Vyake amevirithi mdogo wake, na kilio kilisikika hadi Kwa Iddi. Nilipita Kibosho kumsalimia mama yako. Magoti yanamsumbua, mdomo uko palepale. Anauliza kontena linafika lini, nami nikamjibu kama ulivyonifundisha, kwamba lipo njiani.

Hilo la kontena ndilo limenikalisha chini niandike, maana kwenye simu ungenikatisha. Unasema kati ya friji na baiskeli utapakia mashine yako ya kujaza upya maganda ya risasi yaliyotumika, mizani, dai zote (vile vyuma vya kurudishia ganda umbo lake), na "vikopo viwili vitatu" vya baruti ili usianze upya ukifika. Aminieli! Hivyo vikopo usivitaje hata mbele ya wakala wa mizigo.

Huko Montana mtu anajaza risasi gereji kwake kama mtu wa Kibosho anavyopika mbege, na jirani akipita anakaribishwa kuonja. Huku sivyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila anayetengeneza awe na leseni, na hiyo leseni si ya mtu kama wewe na uani kwako. Risasi zetu zinatengenezwa Mzinga, Morogoro, chini ya jeshi. Hata ukifuata njia yote, serikali ya mtaa, kamati za usalama, polisi, ukapata kibali cha kumiliki bunduki, hicho ni cha kumiliki na kununua. Kujaza hakimo. Na usiwalaumu sana polisi. Wao baruti ya nyumbani wanaikuta kwa majangili, pamoja na gobore, goroli na vipande vya nondo. Wakikuta vikopo vyako na boksi la fataki, vile vikofia vya kitakoni mwa ganda vinavyowasha baruti, hawatakuuliza kama ulikuwa unajifurahisha.

Wala usinipe mfano wa wageni wangu wa uwindaji, kwamba mbona wao wanakuja nazo. Wanakuja na risasi zilizokwisha kujazwa, za bunduki iliyoandikwa kwenye kibali, na ndege kwa kawaida hazipokei zaidi ya kilo 5 kwa abiria, zikiwa kwenye boksi lake ndani ya mzigo wa chini. Baruti ya kopo na fataki peke yake hazipandi ndege kabisa.

Nisije nikaonekana naidharau kazi yenyewe. Tangu tutoke chuo cha wanyamapori Mweka mimi nimekaa na bunduki za watu kuliko nilivyokaa na mke wangu, na nakuambia ganda lililotumika linasema mengi kuliko mwenye bunduki. Msimu uliopita alikuja mzee mmoja wa Texas na bunduki yake ya .375, anatafuta nyati. Risasi zote kajaza mwenyewe, zimepangwa kwenye boksi la plastiki, juu yake karatasi ya hesabu kwa mwandiko wa mwalimu. Kwa macho zilikuwa safi kuliko za dukani. Tatizo ni kwamba alizijaribia kwao wakati wa baridi. Huku boksi lilishinda juu ya dashibodi ya Land Cruiser, na jua la Oktoba unalijua. Jioni akapiga karatasi ya shabaha kambini kuhakiki darubini ya bunduki, bolti, yaani komeo la bunduki, ikagoma kufunguka mpaka aipige kwa kiganja. Nikaokota ganda: fataki imebonyea bapa, ukingo wake wa mviringo umepotea kabisa. Hiyo ni presha. Baruti ikipata joto kabla ya kupigwa inaungua kwa haraka zaidi, na kipimo kilichokuwa cha juu lakini salama kule kwenye theluji, huku kinapitiliza.

Waingereza walilijua hili zamani. Watengeneza bunduki wa Rigby walipotoa risasi yao ya .416 mwaka 1911 waliipa ganda kubwa makusudi, presha ibaki ndogo hata kwenye joto letu, kwa sababu kodaiti, baruti yao ya wakati ule, ilikuwa kali kwenye joto. Holland & Holland wakafuata na .375 mwaka 1912, na lile ganda refu lililochongoka limetokana na hiyohiyo kodaiti, iliyokuwa ya nyuzi ndefu kama tambi.

Basi yule mzee nikamwomba anipe maganda yake yote niyatazame. Hapa ndipo ningependa uwe makini, maana umesema nawe umeanza kujaza .375 ya yule rafiki yako. Risasi ikipigwa, ganda linavimba mpaka linagusa kuta za chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, ndiyo maana moto haurudi usoni kwa mpigaji. Wewe kwenye dai unalirudisha umbo lake, linapigwa tena, linavimba tena. Sasa .375 ina ule mkanda kitakoni, na mkanda ndio unaozuia ganda lisizame. Mjazaji akisukuma mabega ya ganda nyuma kupita kiasi, risasi inaingia vizuri, inalia vizuri, lakini shaba inavutika pale mbele ya mkanda kila inapopigwa. Nje utaona mduara mwembamba unaong'aa. Pengine usiuone. Chukua waya mgumu, uchonge ncha, uikunje kidogo, uingize mpaka chini, halafu uvute juu taratibu ukikwaruza ukuta wa ndani. Waya ukiteleza, sawa. Ukidaka mfereji, ganda hilo limekwisha. Libonde kwa koleo lisirudi kwenye boksi. Ya mzee matatu yalidaka. Hakubishana, alikaa kimya, akaomba tumtafutie za kiwandani. Nyati akampata.

Na risasi za bunduki nzito kama hiyo, zibane shingo ya ganda ishike kichwa. Teke la risasi ya kwanza linazigonga zile zilizobaki kwenye magazini, na nimewahi kuona kichwa cha risasi cha greini 300, karibu gramu 19 na nusu, kimesukumwa ndani ya ganda lake. Kabla rafiki yako hajasafiri nazo, apitishe kila moja kwenye bunduki, kutoka magazini hadi chemba na kurudi. Kila moja, si tano za mfano.

Hiyo bastola yako ya .38 Special ya kulenga shabaha ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, ingawa ni ndogo. Ganda la risasi yake limebuniwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya baruti nyeusi, kwa hiyo ni kubwa kuliko inavyohitaji baruti ya siku hizi. Kipimo kimoja kinakaa chini kabisa. Mkono ukisahau ukamimina cha pili, hakimwagiki wala hakionekani ukitazama juujuu, na bastola inapasuka mkononi. Panga maganda yote kwenye kibao, umulike tochi ndani moja baada ya jingine kabla hujaweka kichwa hata kimoja. Na simu iwe chumba kingine. Ukiwa unapiga ukasikia mlio dhaifu, usivute tena. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama mtutuni.

Yale maganda ya kijeshi yenye vitundu viwili chini, usipoteze muda. Ni ya mtindo wa Berdan, na sindano yako ya kutolea fataki itavunjika, kwa sababu imetengenezwa kwa tundu moja la katikati, la mtindo wa Boxer. Ajabu yake Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, lakini Wamarekani ndio walioshika ya Boxer.

Nilivyocheka kwenye barua yako ni pale ulipoandika kwamba unanunua magunzi ya mahindi yaliyosagwa ili kung'arishia maganda. Kununua! Mama yako anawashia moto magunzi, na ya mwaka huu yamejaa stoo mpaka kuku wanataga juu yake. Lakini lile vumbi linalobaki kwenye ngoma ya kung'arishia usilichezee. Lina madini ya risasi yaliyotoka kwenye fataki, na madini hayo kwa mtoto ni sumu ya ubongo. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni, vua shati kabla hujambeba Glory, na chai usiinywee hapo mezani. Nadhani mkeo ameshakuambia, na nadhani hukumsikiliza.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Baruti na fataki wauzie au wagawie wenzako huko kabla ya kufunga nyumba. Mashine na dai pia uza. Kweli ni vyuma tu, lakini ofisa wa forodha akivikuta kwenye kontena la mtu asiye na leseni ya chochote atataka maelezo, na kontena litakaa Dar es Salaam linakula gharama mpaka maelezo yamridhishe. Pesa ya mashine ongezea kwenye bati za Kibosho.

Mizani uje nayo, ile ndogo inayopima sehemu ya kumi ya greini. Hiyo ni chini ya miligramu 7, na karati moja ni miligramu 200, kwa hiyo utapata rafiki kwa kila dalali wa vito mjini. Binamu yangu anayeuza mawe ameshaniuliza bei. Na kalipa, ile ya kupimia urefu na unene, uje nayo pia. Yangu imelegea, na karakana hapa wanauza za Kichina ambazo asubuhi zinasoma hivi, mchana vile.

Ukifika tutakwenda kwa bosi wangu kuhusu ile kazi ya stoo ya silaha, nimeshakuombea. Anahitaji mtu wa kukagua risasi za wageni kabla hazijapanda gari, na mtu aliyewahi kujaza mwenyewe anajua pa kutazama. Leta vyeti vya Mweka, vile halisi, nakala hazitaki.

Msalimie mkeo na Glory. Nijibu kabla hujafunga kontena.

Ndugu yako,
Elifuraha