Baba, Niliikuta Ndege Yako Beijing

Shenyang, 12 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama, na kwamba miguu ya Bibi imepata nafuu. Mimi huku sijambo. Baridi imeshaanza, asubuhi nikienda darasani navaa lile sweta alilonifungia Mama, na juu yake koti.

Kwenye simu tunaongea, lakini kila nikipiga Juma anaipokonya, na swali lake ni lile lile: "Dada, umeiona J-20?" ile ndege ya kivita ya Wachina. Mwambie atulie, yake imo humu. Ila barua ni yako, maana kuna kitu nilikikuta Beijing ambacho sikutaka kukusimulia haraka haraka huku bando linakata.

Wiki ya kwanza ya Oktoba huku ni sikukuu ya taifa na vyuo vinafungwa. Nikapanda treni ya mwendo kasi kutoka hapa Shenyang hadi Beijing, kama kilomita 700, saa tatu hivi. Safari yangu ilikuwa ya kwenda Makumbusho ya Anga ya China, kaskazini mwa jiji, chini ya mlima unaoitwa Datangshan. Yalifunguliwa mwaka 1989. Ndege nyingine zimewekwa ndani ya mlima wenyewe, kwenye handaki kubwa lililochimbwa zamani ili ndege za jeshi zijifiche humo. Nyingine ziko nje, safu kwa safu, jua lao na mvua yao.

Huko nje ndiko nilikoikuta. Niliijua kabla sijasoma kibao. J-7, ile ndege ya kivita mliyokuwa mkiiita F-7 pale kambini Ngerengere. Pua yake iko wazi, na katikati ya tundu imechomoza ile koni. Nilipokuwa mdogo ulinichorea koni hiyo kwa kijiti, pale uani kwetu, ukaniambia inasogea mbele na nyuma kuipimia injini pumzi yake kadiri ndege inavyoongeza kasi. Sikukuelewa siku ile. Mwaka jana mwalimu alipotufundisha jambo hilo hilo ubaoni, kwa hesabu za kurasa mbili, mimi nilikuwa nakiona kijiti chako.

Nikasogea karibu. Rangi imebabuka kwenye ukingo wa bawa, ribiti zinahesabika moja moja, na chini ya tumbo kuna doa la mafuta ya zamani lililokauka likawa jeusi. Nikaweka kiganja pale. Chuma cha baridi, Baba. Lakini nilichokisikia mimi ni harufu ya ovaroli yako uliporudi jioni, Mama akikwambia uiache nje mlangoni. Nililia. Mzee mmoja aliyekuwa na mjukuu wake akanitazama, akaniuliza kwa Kichina kama ninaumwa. Nikamjibu kwamba baba yangu alikuwa fundi wa ndege hii. Akainua kidole gumba juu, akamsogeza mjukuu asimame karibu nami, kama vile mimi nami ni sehemu ya maonyesho.

Kuna jambo nimelijua ambalo sidhani mliwahi kuambiwa kambini. Warusi waliwapa Wachina ruhusa ya kuunda MiG-21, ndege yao iliyozaa J-7, mwaka 1961, lakini mafundi wao walikuwa wameshaondolewa China mwaka mmoja kabla, urafiki ulipoharibika, na michoro iliyoletwa ilikuwa na mapengo. Wachina wakakaa na vipande na makaratasi, wakaziba mapengo wenyewe. J-7 ya kwanza iliruka tarehe 17 Januari 1966, na iliruka hapa hapa Shenyang. Baadaye kazi ikahamia Chengdu, na waliendelea kuziunda hadi 2013. Kwa hiyo ndege uliyoitumikia ujana wako wote asili yake ni mji huu ninaouamkia kila siku. Sikuuchagua kwa sababu hiyo. Ufadhili ndio ulionileta.

Wewe ulitufundisha: msiniambie ndege ni nzuri, niambieni kazi yake. Wachina nao wako hivyo hivyo. Herufi iliyo mbele ya namba ni kazi. J ni ya kupambana na ndege nyingine, H ya kuangusha mabomu, Y ya kubeba mizigo na askari, Z ni helikopta, JL ni ya kufundishia marubani. Ile JL-8 ndiyo K-8 waliyonayo jirani zetu wa Zambia. Halafu kuna KJ, na hiyo ndiyo iliyonishika miguu.

KJ ni ndege ya kutahadharisha, jicho la juu. Hapo makumbusho ipo ya kwanza kabisa, KJ-1. Mwili wake ni wa ndege ya mabomu ya Kirusi, Tu-4, ambayo nayo Warusi waliinakili kutoka kwa Wamarekani. Wachina wakaibadilisha injini, wakaibebesha rada mgongoni, duara kubwa bapa. Ukiiona, neno la kwanza linalokujia ni ungo. Kwetu ungo unaoruka usiku una habari zake, lakini huu kazi yake ni kuchungulia. Rada iliyo ardhini haioni ndege inayokuja chini chini, kwa sababu dunia imejipinda na milima inakinga. Ipandishe rada angani, itaona mbali. Shida ni kwamba ukitazama chini, milima, nyumba na mashamba yote yanarudisha mawimbi, na ndege adui inapotea katikati ya makelele hayo kama punje ya mchele kwenye chuya. KJ-1 iliruka mwaka 1971, na tatizo hilo likawashinda. Waliunda moja tu, wakaiacha.

Miaka ya tisini wakaamua kununua rada kutoka Israel. Marekani ikabana, na mwaka 2000 Israel ikajitoa. Basi wakarudi kwenye meza zao. Tarehe 3 Juni 2006 ndege moja ya KJ, ikiwa kwenye majaribio, ilianguka mkoa wa Anhui na kuua watu 40 waliokuwemo, wengi wao wahandisi. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu. Nilikufikiria wewe na wenzako mliokuwa mkipanda juu ya bawa kabla ya alfajiri, na Mama aliyekuwa hapiki chakula cha mchana mpaka asikie jeti zimeshatua. Miaka mitatu baadaye, kwenye gwaride la miaka 60 ya Jamhuri, ndege iliyotangulia mbele ya nyingine zote ilikuwa KJ-2000. Yenye ungo.

Na gwaride lao la kwanza, 1 Oktoba 1949, walikuwa na ndege 17 tu, tena za kuokoteza, zikiwemo P-51 za Kimarekani zilizotekwa vitani. Waziri Mkuu Zhou Enlai akaamuru zile P-51 tisa za mbele zikishapita zizunguke, zipite tena mkiani. Watu uwanjani wakahesabu 26. Hadithi hiyo huku kila mtoto anaijua, na wanaisimulia kwa uchungu, si kwa kicheko.

Za mabomu, H-6, nilizipita upesi. Nazo ni za asili ya Kirusi, Tu-16, na hadi leo wanaziboresha. Mpya zinabeba makombora ya kurushwa kutoka mbali. H-6 ndiyo iliyoangusha bomu la kwanza la haidrojeni la China, Juni 1967. Siku hizi zinazungukia Taiwan, na wanaoishi kule wanazifuatilia kwenye habari kama sisi tunavyofuatilia mvua. Najua ni kazi, na umetufundisha kutaja kazi. Hii siwezi kuisifu.

Inayonigusa ni Y-20. Mnene, tumbo limeshuka, huku wanamwita kwa mapenzi "binti kibonge". Aliruka mara ya kwanza Januari 2013 na kuingia jeshini 2016. Februari 2020, Wuhan ilipofungwa kwa korona, ndege za namna hiyo zilitua pale zikishusha madaktari na wauguzi wa jeshi kwa mamia. Volkano ilipolipuka Tonga, Januari 2022, mbili zilivuka bahari na tani 33 za maji, chakula na mahema. Na mwezi uliopita nilishuhudia jambo jingine, ingawa kwa runinga ya bwenini tu. Tangu 2014 Korea Kusini inawarudishia Wachina mabaki ya askari wao waliokufa vita vya Korea. Mara ya kwanza walikuja 437 kwa mkupuo. Wote wanazikwa hapa Shenyang. Safari hii walikuwa 30. Y-20 iliwaleta ikisindikizwa na J-20, na ilipotua magari mawili ya zimamoto yakarusha maji kutoka pande mbili, yakawa lango, ndege ikapita chini yake polepole. Bwenini hakuna aliyeongea. Yule mama mfagizi aliweka ufagio ukutani akasimama wima mpaka jeneza la mwisho likashushwa.

Sasa Juma. J-20 iliruka mara ya kwanza 11 Januari 2011, Chengdu. Kazi yake ni kuona bila kuonekana: mwili umepindwa ili mawimbi ya rada yatawanyike, na makombora yanakaa ndani ya tumbo. Asiniombe picha za kambi. Mgeni hapigi picha kambi ya jeshi hapa, na hata kwetu hapigi. Ila ajue kwamba J-20 ya kwanza iliruka na injini ya Kirusi, na Y-20 vilevile. Wachina wenyewe walikuwa wakisema ndege zao zina ugonjwa wa moyo. Sasa wanazifunga injini zao wenyewe, na hapo ndipo penye masomo yangu. Wiki iliyopita nilishika mkononi panga moja la injini ya ndege ya abiria, dogo kama kidole changu cha kati, lina vitundu ambavyo sindano ingepita kwa shida. Moto unaolizunguka ni mkali kuliko unaoweza kuyeyusha chuma chake. Hewa inayotoka kwenye vitundu hivyo ndiyo inayolifunika lisiyeyuke. Mwambie Juma kama anapenda ndege aanze na fizikia ya kidato cha pili.

Hapa Shenyang kuna jina linalotajwa kwa heshima, Luo Yang. Alikuwa mkuu wa kiwanda kinachounda J-15, ndege ya melini. Novemba 2012 J-15 zilitua kwa mara ya kwanza kwenye Liaoning, meli yao ya kubeba ndege, naye alikuwa ndani ya meli akizitazama. Meli ilipofika bandarini Dalian moyo ukamsimama. Alikuwa na miaka 51. Baba, wewe una 68 na bado unapanda juu ya paa kurekebisha bati. Naomba umwite fundi.

Jambo la mwisho. Pale Datangshan nilizitazama J-7 mbili kwa zamu. Moja ya zamani ina kifuko cha mwavuli wa breki chini ya tumbo, nyingine kinakaa juu, kwenye kitako cha mkia. Zenu zilikuwa zipi? Na mwavuli wenyewe mlikuwa mkiukunja vipi baada ya kutua, chini kwenye lami au mezani, watu wangapi? Vitabu vyangu vyote vinasema tu kwamba upo. Mchukue Juma, umkalishe na daftari, aandike unavyosema, neno kwa neno, halafu anitumie.

Wasalimie wote.

Mwanao akupendaye,
Rehema