Shukrani kwa dada wa pwani ya Shela

Dada yangu uliyenisaidia Shela, kisiwani Lamu, likizo hii ya Desemba, sikupata hata kukuuliza jina. Nakushukuru hapa, huenda ukasoma au jirani akakufikishia.

Kaskazi imepamba moto na watoto hawakai ndani, kwa hiyo tulikwenda kuogelea. Wakati wa kurudi Amu, yaani mjini Lamu, maji yalikuwa yanajaa, njia ya ufukweni imeanza kufunikwa, na mchanga unaunguza. Mtoto mchanga nilikuwa naye kifuani, kaka yake wa miaka mitatu amegoma kutembea, analia. Wewe hukuuliza kitu. Ulimpakata, ukamfunika kichwa kwa leso yako, ukamnywesha dafu kidogo kidogo hadi akanyamaza. Halafu ukatuitia mashua.

Tulipofika gatini nahodha akakataa nauli: "Yule dada ameshalipa." Nilisimama pale machozi yananilenga. Mwenye watoto wadogo ndiye ajuaye uzito wa jambo lile.

Mwanangu angali anakuita shangazi. Leso yako nimeifua, ninayo. Tafadhali, anayemjua dada huyu amwambie namtafuta. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, wewe na wanao.