Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Somo Lisilo na Karakana Liondolewe Kwenye Tovuti

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

Mheshimiwa,

Pokea salamu zetu za heshima. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, waliporipoti shuleni Januari 12, 2026, sisi walimu wa masomo ya kiufundi tulinyamaza. Tulijua kwamba mtaala mpya hauwezi kuanza bila misukosuko, tukaona tuwape wakubwa wetu nafasi ya kurekebisha. Sasa watoto wa Gredi ya 9 wanajiandaa kuchagua shule, na hatujasikia lolote kuhusu orodha ya shule na masomo yake, iliyo kwenye tovuti ya uchaguzi, ambayo iliwapotosha wenzao. Hatuwezi kuendelea kunyamaza.

Kilichotumaliza subira ni hiki. Mtoto amechagua Umeme. Tovuti ya uchaguzi imeonyesha kwamba shule fulani inafundisha Umeme. Amepangiwa huko, mzazi amekopa, amenunua sare, godoro na sanduku, amelipa nauli ya kuvuka kaunti mbili. Mezani pa usajili anaambiwa somo hilo halijaanza, achague jingine. Anapewa Kilimo, kwa sababu mwalimu wa Kilimo yupo. Hakuna aliyemwomba radhi.

Mheshimiwa, utaratibu wenyewe unaujua, lakini tuurudie ili wazazi wanaosoma waone penye shimo. Mwanafunzi huchagua shule 12: nne kwa mseto wa masomo (kundi la masomo matatu ya kuchagua) anaoutaka zaidi, nne kwa mseto wa pili, nne kwa wa tatu. Kati ya hizo 12, tisa ni za bweni, tatu zikiwa katika kaunti ya nyumbani na sita nje yake, na tatu ni za kutwa katika kaunti ndogo anakoishi. Alama zinazotumika kumpanga ni KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, asilimia 60. Akikosa nafasi katika shule nne za kwanza, mfumo unamshusha hadi mseto wa pili. Kwa hiyo mseto wa pili na wa tatu si wa kujazia nafasi tu. Mtoto anayetaka Umeme akiweka Kilimo na Biolojia pale pa pili kwa sababu fomu ilidai pajazwe, huenda ndiko atakakoishia, na atakuwa amepelekwa huko na maandishi yake mwenyewe.

Walimu wa Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, wameachiwa kazi ya kueleza haya yote kwa darasa zima, mara nyingi kwa simu ya mwalimu mmoja na bando lake mwenyewe. Wengi wao hawajawahi kuingia karakana ya Ufundi Chuma. Wanaweza kumwambia mtoto kile tovuti inachosema, basi. Nayo tovuti inasema neno moja tu: shule hii inatoa mseto huu. Haisemi kama kuna meza za kazi. Haisemi kama kuna mwalimu wa somo hilo aliyesajiliwa na TSC, tume inayoajiri walimu, wala ni wanafunzi wangapi wanaoweza kupokelewa katika somo lenyewe. Nafasi za shule nzima na nafasi za karakana ni vitu viwili tofauti, Mheshimiwa. Shule inaweza kuwa na vitanda 300 na jiliwa nne, vile vifaa vya kubania mbao au chuma mezani.

Tunakisia namna orodha hiyo ilivyojazwa. Fedha za serikali hufuata idadi ya wanafunzi, na mkuu wa shule akiandika kwamba hana masomo ya kiufundi anaogopa kukosa wanafunzi. Wizara nayo imelenga asilimia 60 ya wanafunzi waingie mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Lengo kubwa namna hiyo likikutana na shule yenye hofu, jibu la "tunatoa" litaandikwa hata pasipo na randa. Kama tumekosea, tutafurahi kusahihishwa kwa kuonyeshwa ripoti ya mkaguzi aliyefika shuleni na kuhesabu vifaa.

Maana vifaa vinahesabika. Chukua Ufundi Mbao, ambao watu hudhani ni somo la bei rahisi. Stuli moja ya kujifunzia tundu na ulimi, maungio ambayo ncha ya ubao mmoja huingia kwenye tundu la mwingine, ina miguu minne ya inchi 18, hizo ni futi sita. Ina vipau vinane vya inchi 12, hizo ni futi nane. Jumla ni futi 14 za mbao ya 2 kwa 2, kabla ya kiti chenyewe na kabla ya vipande vitakavyoharibika, na vitaharibika kwa sababu mtu hujifunza kupasua tundu kwa kulikosea kwanza. Darasa la watoto 40 linahitaji futi 560 kwa zoezi hilo moja. Mbao hizo ziwe zimekauka. Saipresi mbichi ikiunganishwa leo, baada ya wiki chache imejikunja na maungio yamelegea, na mtoto anadhani kosa ni lake. Meza moja yenye jiliwa mbili inatosha watoto wawili. Wanne wakiizunguka, wawili wanafanya kazi na wawili wanatazama, na anayetazama muhula mzima hatoki fundi.

Ufundi Chuma ni mgumu zaidi. Mashine ya kulehemu ya ampea 200, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwenye umeme wa fezi moja wa volti 240, ule wa kawaida wa nyumbani, huvuta ampea 30 au zaidi. Soketi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13. Shule inayochomeka mashine hiyo kwenye laini ya darasa inaunguza plagi, swichi inaruka, taa za bweni zinazimika, kisha mkuu anapiga marufuku somo la vitendo hadi fundi aje. Karakana inataka laini yake, nyaya nene, swichi yake ya usalama na waya wa ardhini uliopimwa. Kama mashine ni zaidi ya moja au mbili, inataka fezi tatu. Hivi havinunuliwi baada ya watoto kufika, kwa sababu maombi ya umeme pekee yanaweza kula muhula.

Halafu kuna fedha. Mgao wa serikali ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Anayesoma Historia akimaliza mwaka atamwachia mwenzake kitabu chake, lakini fimbo ya kulehemu ikishaungua imekwisha.

Kwa mtoto wa maskini jambo hili ni zito kupindukia. Yeye tumaini lake ni zile shule tatu za kutwa karibu na kwao. Nyingi ya shule hizo hazijawahi kuwa na karakana. Kwa hiyo mkondo uliotangazwa kuwa wa kumwinua kijana wa mikono unafunguka kwa mwenye karo ya bweni. Aliyebaki ataenda jua kali kujifunza kulehemu bila miwani, jambo ambalo angelifanya hata bila mtaala mpya.

Mheshimiwa, wazee wetu waliambiwa maneno kama haya mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza. Wazazi walichanga, karakana zikajengwa hadi shule za msingi, vifaa havikuja, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mikono yakapunguzwa. Kuna shule ambako majengo hayo sasa ni stoo za mahindi. Hatuandiki kuupinga mtaala wa sasa. Tunaupenda, na tumeomba miaka mingi somo letu liheshimiwe hivi. Ndiyo maana inatuuma.

Ombi letu ni moja. Kabla tovuti haijafunguliwa kwa Gredi ya 9 ya mwaka huu, kila shule inayodai kutoa somo la kiufundi ikaguliwe, na kando ya jina lake iandikwe: mwalimu wa somo yupo au hayupo, meza za kazi ni ngapi, umeme ni wa fezi ngapi, na karakana inapokea wanafunzi wangapi. Isiyo na mwalimu na karakana, somo hilo liondolewe kwenye orodha yake mpaka vipatikane. Liondolewe hata kama orodha itakuwa fupi. Liondolewe hata kama ile asilimia 60 haitafikiwa mwaka huu.

Na kwa wale walio Gredi ya 10 sasa hivi, waliobadilishiwa masomo mezani pa usajili, waruhusiwe kuhamia shule zenye nafasi halisi bila kutozwa upya, wakati bado hawajaachwa nyuma sana.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa Umeme, pamoja na wenzake wa Ufundi Mbao na Ufundi Chuma.