Kabla ya Kuuliza Ada, Uliza Saa: Barua kwa Mameneja Wanaotaka EMBA

Kwenu wakuu wa vitengo na mameneja wa matawi, wanangu na wadogo zangu,

Marahaba. Wiki hii nimeitikia shikamoo nne kwenye simu, na kila moja ilikuja na mkia wake: "Mama, EMBA ya chuo gani ni nzuri, na ada yake shilingi ngapi?" EMBA, niliyoisoma na mimi, ni ile shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara (MBA) ya wakuu walio kazini. Nimeona niwajibu wote kwa mpigo, mbele za watu, maana vocha zenu zinaisha na koo langu linakauka.

Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza habari ya saa. Na wengi huanguka hapo hapo.

Tupige hesabu. Kwa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) imeiweka shahada ya uzamili ngazi ya 9, na kima chake cha chini ni krediti 180. Krediti moja ni saa 10 za jasho la mwanafunzi: kukaa darasani, kusoma, kuandika, kukutana na kundi lako. Ni saa 1,800. Zigawe kwa miaka miwili, unapata saa 17 na ushee kila wiki, Krismasi na Idi zikiwamo. Sasa wewe unayefunga ofisi saa 12 jioni, na Jumamosi una kikao cha harusi asubuhi na msiba mchana, utazitoa wapi? Zitatoka kwa mwenzako wa ndoa, kwa wanao, kwa bosi wako, au kwenye usingizi. Wakalisheni hao chini kwanza, muwaeleze kwa tarakimu. Mimi sikufanya hivyo. Nilimwambia mume wangu "nitakuwa nasoma kidogo jioni", na neno hilo "kidogo" nililijibia kwa miaka mitatu.

Shahada hii tangu mwanzo ilitengenezwa kwa watu wasio na nafasi. Chuo Kikuu cha Chicago kiliianzisha mwaka 1943, vita vikuu vya pili vikiendelea, kwa ajili ya watu waliokuwa tayari wanaongoza kazi na hawakuweza kuziacha wakakae darasani mchana. Kazi unabaki nayo, darasa linajibana pembeni. Linavyojibana ndiko vyuo vinakotofautiana. Kuna darasa la jioni, kama la saa 11 hadi saa 2 usiku. Kuna la wikiendi. Na kuna la awamu, unakwenda chuoni siku kadhaa mfululizo kisha unarudi kazini wiki nyingi na mzigo wa kazi za nyumbani. Anayefanya kazi Kurasini, Dar es Salaam, na darasa lake liko chuoni Mlimani, ajiulize kama barabara ya Mandela saa 11 jioni inamtambua kuwa ni mwanafunzi. Aliye Mwanza au Mtwara, la awamu ndilo lake: taasisi ya usimamizi ya ESAMI pale Arusha na Chuo Kikuu cha Strathmore kule Nairobi wamezoea kupokea watu wenye ratiba za namna hiyo.

Masomo yenyewe hayana siri. Unaanza na misingi: uhasibu, takwimu, uchumi, tabia za watu kazini. Kisha fedha za kampuni, masoko, uendeshaji, mkakati, sheria kidogo. Baadaye unachagua mawili matatu ya kwako, na mwisho unaandika tasnifu au mradi. MBA ya kawaida ina masomo hayo hayo kwa sehemu kubwa. Tofauti kubwa ni nani amekaa kiti cha pembeni. Darasani kwetu, mhadhiri akileta kisa mkasa cha kiwanda kinachokufa, palikuwa na mtu aliyewahi kukifunga kiwanda, na mwingine wa benki aliyewahi kuwanyima mkopo wenye viwanda vya namna ile. Hao ndio uliowalipia ada. Ukikaa nyuma kimya unachati, umejinunulia desa, yaani notsi za kunakili, za bei mbaya.

Niwape mfano mmoja. Kampuni yetu ilikuwa ya usambazaji, na kwa miaka kumi nilikuwa napima kila tawi kwa mauzo tu. Mwalimu wa fedha akatuambia kila mtu aje na vitabu vya hesabu vya kazini kwake. Nikatandaza karatasi mezani nyumbani, umeme umekatika, kijana wangu ananishikia tochi ya simu. Mauzo ya mkopo ya tawi moja kwa mwaka: shilingi milioni 420. Madeni tunayodai: milioni 63. Gawanya, zidisha mara 365: siku 55. Wateja walikuwa wanakaa na hela zetu siku 55, na sisi waliotuuzia bidhaa tuliwalipa ndani ya siku 30. Kila tulipouza zaidi ndivyo tulivyozidi kukopa kulipa mishahara, na meneja wa tawi lile tulikuwa tumempa cheti cha mfanyakazi bora. Kijana akaniuliza, "Mama, mbona umenyamaza?" Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwa mhasibu kabla hajafungua.

Huyo huyo mama mwenye akili za siku 55 alisapu takwimu, yaani alifeli akapangiwa mtihani wa marudio. Nilikuwa na miaka 43, namba yangu ya usajili ikabandikwa ubaoni pamoja na za watoto wa rika la binti yangu. Kumbukeni kwamba vyuo vyetu vingi, kwenye uzamili, huanza kuhesabu kufaulu kwenye B. Ile C mliyoishangilia zamani haiwaokoi, na sapu ukiifeli unaweza kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Kama hesabu ziliwaaga kidato cha nne, tafuteni mwalimu wa kuwapiga msasa miezi mitatu kabla ya kuanza. Si aibu. Aibu ni ubao.

Masharti ya kuingia nayapita haraka, yako kwenye tangazo la kila chuo. Shahada ya kwanza, na vyuo vingi vya Tanzania vinataka GPA isiyopungua 2.7 kati ya 5. Mwenye chini ya hapo mara nyingi hupitia stashahada ya uzamili kwanza. Uzoefu wa kazi: AMBA, chombo cha London kinachotoa ithibati kwa MBA, hudai miaka 3 kwa MBA yoyote, na EMBA kwa kawaida huomba zaidi, tena ya kusimamia watu na bajeti. Wanaotazama Ulaya na Marekani watakutana na GMAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya biashara, au mtihani mfupi wa wakubwa uitwao Executive Assessment, maswali 40 kwa dakika 90. Na wajue kwamba ada ya EMBA ya Wharton, kule Marekani, imevuka dola 200,000. Mimi kwa hela hiyo ningefungua tawi. Chuo cha nje au cha mtandaoni, ulizeni TCU kama wanakitambua kabla hamjatuma senti. Kenya ulizeni CUE, Uganda NCHE, vyombo vya huko vinavyosimamia vyuo vikuu.

Sharti ambalo watu hulichukulia poa ni barua ya mwajiri. Yangu ilisema "hatuna pingamizi". Wiki ya mitihani, ofisi hiyo hiyo isiyo na pingamizi ikanituma Mbeya kuhesabu mali ghalani. Barua yako iandikwe siku: utatoka lini, utakosekana wiki zipi, nani atakaimu, na kama kampuni inachangia ada, ukiacha kazi utarudisha kiasi gani. Bosi akisita kuandika hayo, umeshapata jibu lake.

Kitu kingine kiwemo kwenye barua hiyo: ruhusa ya kutumia takwimu za kampuni. Tasnifu yangu ilipangwa miezi 6, ikala 14. Nilichagua mada kubwa yenye jina tamu, ya soko zima la nchi, na makampuni niliyoyaandikia hayakunijibu. Msimamizi wangu naye alikuwa akisafiri. Mwishoni nikaitupa, nikaandika juu ya zile siku 55, jambo lililokuwa kwenye droo yangu tangu mwaka wa kwanza. Wenzangu watano hawakumaliza kabisa. Masomo yote wamefaulu, cheti hawana, na mmoja wao mpaka leo ukimtajia tasnifu anabadilisha mada.

Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa 4 asubuhi. Aje mwenye transkripti yake, rasimu ya barua ya mwajiri, na ratiba yake ya wiki aliyoiandika kwa mkono, saa kwa saa. Atakayekuja na mwenzi wake ndiye nitakayeanza naye.

Mama yenu,
meneja mstaafu