Barua kwa shoga yangu daktari: mtaro, mbu na wanaoujua mtaa

Dar es Salaam, mwezi wa nne

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini mko salama huko Mwanza, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila masika yametushika. Tangu juzi mvua hainyamazi, Jangwani hapapitiki, kwa hiyo nimebaki nyumbani na nimepata nafasi ya kukuandikia kwa kirefu.

Uliniuliza kwenye simu mtu wa mipango miji kama mimi ana kazi gani na viluwiluwi vya mbu. Ukasema malaria waachiwe madaktari na wauguzi, wanatosha. Siku ile mtandao ulikuwa unakatika nikakujibu tu "nitakueleza". Sasa nakueleza.

Unakumbuka nilipoajiriwa mara ya kwanza nilikuwa nakagua michoro. Kuna mtaro mmoja niliupitisha kwa mkono wangu. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri: upana wake sawa, mteremko wake sawa. Miaka mitatu baadaye nikapita mtaa ule kwa shughuli nyingine, nikakuta mtaro umeishia nyuma ya nyumba za watu, kwenye bonde. Kipande cha pili hakikujengwa, fedha ziliishia pale. Maji yametuama na viluwiluwi vinacheza. Pembeni kuna mama fundi cherehani, anashonea barazani. Akaniambia mwanawe amekutwa na malaria mara tatu tangu mwaka uanze. Wala hakuwa ananilalamikia, hakujua mimi ni nani. Alikuwa anamweleza mteja kwa nini sare za shule hazijawa tayari. Nilisimama pale nikasikia uchungu ambao sijausahau. Mchoro wangu, homa ya mtoto yule na kipato cha mama yake vilikuwa jambo moja, lakini kila kimoja kina ofisi yake, na ofisi hizo hazisalimiani.

Ndipo nikaanza kusoma waliyoyafanya wenzetu hapa hapa mjini. Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Kudhibiti Malaria Mjini, katika kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke. Walitaka kuwaua mbu wangali majini, kwa bakteria aitwaye Bti. Kiluwiluwi akimla, utumbo wake unaharibika anakufa. Binadamu na samaki hawadhuriki. Hilo unalijua kuliko mimi. Ila hebu fikiri kazi yenyewe: kila dimbwi, kila tuta la mchicha, kila shimo lililochimbwa kwa ajili ya msingi wa nyumba, lazima litembelewe kila wiki. Nani anayajua madimbwi yote ya Buguruni? Hakuna ramani ya serikali inayoyaonyesha.

Wakawatumia wakazi wenyewe. Kila mmoja alipewa eneo lake, na mipaka ya maeneo hayo ikafuata mabalozi wa nyumba kumi. (Nyumba kumi kwa jina tu, balozi mmoja anaweza kuwa na nyumba hamsini na zaidi.) Walitembea uchochoro kwa uchochoro, wakachora kwa kalamu: hapa kwa fulani, hapa choo, hapa maji yanasimama. Kisha michoro ile ikalinganishwa na picha za anga. Hapo ndipo moyo wangu ulipodunda, maana picha zilifichua sehemu zisizokuwamo kwenye mchoro wowote: maeneo ya viwanda, viwanja vya taasisi, mabonde yasiyo na nyumba. Pasipo na nyumba hapana balozi, na pasipo na balozi hapakuchorwa. Mbu hana habari na balozi. Kwa hiyo aliyechora kwa mkono alikuwa anajua kitu ambacho picha ya anga haikijui, na picha nayo ilikuwa na cha kwake. Ukichukua kimoja ukaacha kingine, umeacha maji wazi.

Kazi ya kunyunyiza ilianza 2006 katika kata tatu, na maambukizi kwa watoto wadogo yakapungua. Lakini kilichonishika zaidi ni yale waliyoyaandika kuhusu ugumu. Penye ukuta na geti, madimbwi mengi hayakuonekana, kwa sababu mlinzi hamfungulii mtu aliyevaa kandambili na kubeba kata ya kuchotea maji. Na wale wachunguzi wa mtaani walihesabiwa kama watu wa kujitolea, malipo yao madogo, ilhali mradi mzima umewalalia wao. Shoga, hayo si mambo ya maabara. Ni mambo ya heshima, ya nani anaruhusiwa kuingia kwa nani. Mtaalamu wa jamii angeyaona siku ya kwanza kama angekuwepo siku ya kwanza.

Jambo jingine. Walipochunguza saa za kuumwa, walikuta mbu wa malaria wa Dar wanauma sana nje ya nyumba. Wewe hospitalini unagawa chandarua, na ni sawa kabisa, chandarua kinaokoa. Lakini nani yuko nje saa mbili usiku? Muuza chipsi, mama wa vitumbua anayeumua unga wake, vijana wa bodaboda kijiweni, watoto wanaosubiri chumba kipoe. Chumba hakipoi kwa sababu ni bati tupu, dirisha linatazama ukuta wa jirani, upepo hauna pa kupita. Hapo tumeshatoka kwenye mbu tumeingia kwenye kazi yangu: nafasi kati ya nyumba na nyumba. Nakwambia, nilipolisoma hilo nilifunga kompyuta nikakaa kimya.

Najua utasema kuunganisha fani si jambo geni. Kweli, na si kila mara kumeleta heri. Daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alifika Dar mwaka 1897 kuchunguza malaria, na miaka michache baadaye, chini ya Daktari Ollwig, watu walipimwa damu mitaani na kupewa kwinini, dawa ya malaria ya wakati ule. Kisha wazo kwamba damu ya Mwafrika ndiyo ghala la malaria likatumiwa kuhalalisha kugawa mji: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati, Uswahilini kule Kariakoo, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenganisha. Udaktari na upangaji wa mji vilishikana mikono, na mtu wa Kariakoo hakuulizwa neno. Ramani ya mji huu mpaka leo ina alama za mgawanyo huo. Kila nikipita Mnazi Mmoja nalikumbuka hilo, na ndiyo maana sikubali utafiti unaoanza kwa madaktari na wapangaji peke yao halafu watu wa mtaa wanaitwa mwishoni kujaza dodoso.

Na dodoso lenyewe lina mitego yake. Miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Bagamoyo waligundua kwamba wazazi wengi waliihesabu homa ya malaria kuwa kitu kimoja na degedege kuwa kitu kingine kabisa. Kwa homa mtoto anapelekwa zahanati, kwa degedege anapelekwa kwa mganga. Kumbe kwa daktari degedege lile mara nyingi ni malaria hiyo hiyo iliyokwisha kuwa kali. Ukiuliza "mwanao ameugua malaria?" mama aliyehangaika na degedege usiku kucha atakujibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia ulivyomlaumu mama mmoja wodini kwa kuchelewa, kisha ukajuta. Neno moja tu lingekupa picha nyingine.

Kuna mgeni anayenitia wasiwasi zaidi. Ni mbu wa malaria aitwaye Anopheles stephensi, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012, akaenda Ethiopia, sasa yuko kaskazini mwa Kenya. Yeye anapenda mji. Anazaa kwenye matangi na mapipa, maji safi ya kunywa. Angalia nyumba zetu: kila mlango una simtanki au mapipa mawili, kwa sababu maji ya bomba yanakuja kwa mgao. Ukimwambia mama amwage maji kwa ajili ya mbu, atakuangalia tu, maana hajui yatatoka tena lini. Kinga ya malaria hapo ni bomba linalotoa maji kila siku na mfuniko unaofunga vizuri. Nani atalifanyia utafiti jambo hilo? Hospitali haina idara ya mifuniko, wala mamlaka ya maji haina idara ya homa.

Basi ndiyo sababu. Sijaacha ramani, nimezipeleka kule zilikostahili kuanzia. Tuko watatu mpaka sasa: mimi, kaka mmoja wa sosholojia tuliyekutana kwenye semina, na yule mama fundi cherehani, ambaye ni mjumbe wa serikali ya mtaa siku hizi. Tunaanza kidogo, mtaa mmoja, tukilifuata bonde lile lile. Mwezi uliopita tulimsomea dodoso. Swali la sita lilisema "Je, kuna mazalia ya mbu karibu na makazi yako?" Akasema hapana, hakuna. Tukatazamana, maana maji tulikuwa tunayaona kutoka barazani kwake. Nikamuuliza, "Na pale bondeni?" Akajibu, "Ah, pale ni mtaro wa halmashauri." Swali tumelifuta, na sasa tunatembea na mwenye nyumba, anatuonyesha mwenyewe maji yanasimama wapi na ya nani.

Tunamkosa daktari. Namtaka anayejua kupima damu ya mtoto bila kumtisha, na anayeweza kunikatalia nikisema jambo la kipuuzi kuhusu ugonjwa. Wewe umenikatalia tangu kidato cha tatu. Likizo yako inaanza mwezi wa tano, sivyo? Njoo wiki mbili tu. Kibali cha maadili ya utafiti tumeshaomba, na jina lako nimeliacha wazi kwenye fomu mpaka unijibu.

Dodoso jipya nitakutumia Jumatatu. Lisome ukiwa na kalamu nyekundu. Na ukija, beba buti za mvua, maana maji ya kule bondeni bado yanafika magotini.

Msalimie shemeji. Watoto wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi shoga yako,
wa Temeke