Ile picha si maini, Mama

Canterbury, Kent
20 Julai

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Shikamoo. Natumai kusi inavuma vizuri hapo Tanga na kile kikohozi chako kimekwisha. Sisi huku wazima, ila joto limetubana. Najua utacheka: digrii 31 tu, nyie mngekuwa mnatafuta sweta. Lakini nyumba za huku zimejengwa kuzuia joto lisitoke, pangaboi hakuna, dirisha linafunguka shubiri moja likakwama, na jua lenyewe halitaki kuzama. Magharibi naisali saa tatu usiku. Chakula cha moto hakipiti kooni.

Haya, tumalize habari ya ile picha, maana Mwantumu ananiambia imeshafika hadi kwa shangazi Makorora. Si maini, Mama. Wala si damu iliyoganda. Ni mkate. Boflo jeupe la juzi lililokunywa maji ya matunda usiku kucha mpaka likawa rangi ya ulimi wa mtoto aliyetoka mzambarauni, na ndani ya huo mkate ni matunda matupu. Wenyewe wanaiita pudini ya kiangazi.

Na hilo neno pudini lisikutishe, ingawa lilinitisha mimi. Waingereza kitu chochote kitamu kinacholiwa baada ya chakula ni pudini. Halafu kuna pudini nyingine ni kama maandazi yasiyo na sukari, inaliwa na nyama na mchuzi. Na kuna pudini nyeusi, hiyo ni soseji ya damu ya nguruwe, na inaletwa mezani asubuhi pamoja na mayai kana kwamba si kitu. Kwa hiyo nilipofika, mtu akinitajia pudini nauliza kwanza: ipi?

Vyakula vyao vitamu vingi vimenipita hivi hivi. Ukisoma nyuma ya pakiti unakuta jelatini, na haisemwi ni ya mnyama gani, au unakuta mvinyo umemwagiwa keki ya chini. Hii haina jelatini wala pombe. Inajishika yenyewe, kwa sababu yale matunda yana pektini nyingi, kitu kile kile kinachofanya jemu yako ya mapera igande bila kutiwa chochote. Siku nilipolielewa hilo nikasema basi, hii ni yangu.

Aliyenitia hamu ni bibi mmoja kule kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Jina silitaji, kazi yetu hairuhusu. Amepita miaka tisini, anatembea kwa kigari cha kushikilia, na kila Julai anauliza swali moja: pudini ya kiangazi iko wapi? Anachopewa ni kikombe cha plastiki chenye kitu chekundu kutoka kwenye friza. Anakiangalia, anakisogeza pembeni.

Nikamwambia mwaka huu nitamtengenezea mimi. Akanitazama juu mpaka chini, kama vile wewe ulivyokuwa ukinitazama nikikaribia chungu cha biriani.

Nikajaribu kwanza nyumbani. Nilinunua mkate wa slesi wa dukani, ule mlaini unaobonyea ukiugusa, na matunda ya vibakuli, pauni mbili na nusu kwa gramu 150. (Usizibadilishe kwa shilingi, utakosa usingizi.) Nikapanga, nikajaza, nikaweka kwenye friji. Kesho yake nilipogeuza bakuli, Mama, kilitoka kitu kama uji wa mgonjwa. Mkate haukuwepo. Umeyeyuka wote ukawa gundi.

Kumsimulia yule bibi, hata sijamaliza akauliza, "Mkate gani?" Nilipomwambia akapiga ulimi. Anasema ule si mkate, ni sponji la kuogea. Na kumbe ana hoja. Mwaka 1961, mahali panaitwa Chorleywood, watafiti wao walibuni njia ya kuuchapa unga kwa mashine yenye nguvu kwa dakika chache tu, wakaongeza hamira na mafuta, mkate ukawa tayari haraka bila kuachwa uumuke kwa saa nyingi. Tangu hapo mikate mingi ya huku ni ya namna hiyo: laini, ya bei nafuu, na haikauki vizuri, inaota ukungu kabla haijakauka. Pudini hii inataka mkate uliokauka. Ukiwa mkavu unafyonza maji ya matunda kama udongo unavyofyonza mvua ya kwanza, na bado unasimama.

Mara ya pili nikaenda kwa mwoka mikate mdogo hapa mjini, nikanunua boflo zima, nikaliacha mezani siku mbili. Na matunda nikayafuata shambani. Kent ni mkoa wa matunda, wenyewe wanauita bustani ya Uingereza, na kuna mashamba wanakuruhusu uingie na kikapu uchume mwenyewe, halafu wanapima mlangoni. Nikachuma rasiberi gramu 600, karanti nyekundu 200 na karanti nyeusi 100. Hizo karanti nyeusi unazijua bila kujua: ndizo za ile Ribena mjomba aliyokuwa akituletea kutoka Mombasa, tukigombania chupa.

Karanti nyekundu ndizo zilizonikumbusha nyumbani. Zimejipanga kwenye kikonyo kama pilipili manga mbichi, zile tulizokuwa tukichuma kwa babu kule Amani, ila hizi zinapitisha mwanga kama shanga za kioo. Kuzipukuchua wanatumia uma. Unashika kikonyo kwa juu, unakipitisha katikati ya meno ya uma, unavuta kushuka chini, punje zinadondoka bakulini zote kwa mpigo mmoja. Nilifanya nusu saa nzima na sikuchoka. Kuna utamu fulani kwenye kazi hiyo, kama kupeta mchele.

Upishi wenyewe hauna mambo. Karanti na sukari gramu 150 zinaingia sufuriani na maji vijiko viwili, moto mdogo, mpaka sukari iyeyuke na punje zianze kupasuka. Rasiberi unatia mwisho, dakika moja, unazima. Ukizidisha umeshapika jemu. Maji yanayotoka ni mekundu mpaka yanaelekea weusi, na jikoni pananukia kama nini sijui, si waridi, si ndimu, kitu cha katikati. Kisha unakata slesi nane, unatoa maganda, na kila kipande unakichovya upande mmoja kwenye yale maji kabla ya kukibandika bakulini, upande uliochovywa utazame nje. Ukibandika mkate bila kuuchovya, inatoka na mabaka meupe kama ngozi yenye choa. Slesi zipandiane kidogo zisiache upenyo. Unajaza matunda, unafunika na mkate juu, unaweka kisahani kinachoingia ndani ya mdomo wa bakuli, na juu ya kisahani uzito.

Uzito wangu ni kile kinu kidogo cha jiwe, Mama. Kile ulichokificha ndani ya kanga kwenye begi langu, nikalipishwa mzigo uwanja wa ndege, nikakusema kwenye simu wiki nzima. Kimekaa juu ya pudini ya Waingereza usiku kucha na kimefanya kazi kuliko kopo lolote la maharage.

Asubuhi unapitisha kisu pembeni, unafunika sahani, unageuza. Inabisha kwanza. Halafu unasikia sauti kama mtu anavuta mguu kwenye tope la mikokoni, na inashuka. Ndiyo hiyo niliyoipiga picha.

Jumamosi mpishi wetu akaniruhusu niitengeneze jikoni kwa wazee wote, mabakuli manne. Yeye alinieleza jambo la kuchekesha: karne ya 19 hii ilikuwa pudini ya wagonjwa. Iliitwa pudini ya haidropathi, kwa kuwa walipewa watu waliokwenda kwenye nyumba za tiba ya maji, ambao vyakula vya unga na siagi nyingi walikatazwa. Kwa hiyo imerudi kwao, akasema, sisi tumeikuta njiani tu. Tatizo tulilopata ni mbegu za rasiberi, zinaingia chini ya meno ya bandia. Wazee watatu walivua meno mezani bila haya.

Yule bibi nikamkalia pembeni. Nikamwekea malai kidogo, maana matunda haya yana ukali unaokunja shavu. Hakusema kitu. Alipofika katikati akaanza kunisimulia vita. Alikuwa mtoto wa shule. Machungwa hayakufika tena kwa sababu ya manowari za Wajerumani, serikali ikahimiza karanti nyeusi zilimwe kwa wingi kwa ajili ya vitamini C, na watoto wakawa wanapewa sharubati yake bure. Sukari ilikuwa kwa kadi kuanzia Januari 1940, wala haikufunguliwa mpaka Septemba 1953. Mtu mmoja, wiki nzima, kama gramu 225. Mama yake alikuwa anakusanya ya nyumba nzima ili kiangazi kimoja wapate pudini moja.

Nikamwambia na wewe ulisimama foleni ya sukari, miaka ile baada ya vita vya Kagera, na kwamba ulikuwa ukienda dukani alfajiri ukiweka jiwe lishike nafasi yako. Akataka kujua jiwe halikuwa likiibwa? Sikuwa na jibu. Niulizie.

Halafu akamaliza sahani, akakwangua na kijiko, akaniambia, "Sukari imezidi." Mama, wallahi nilifikiri ni wewe umekaa pale.

Mwantumu anataka aijaribu huko. Mwambie stroberi zisiingie, yule bibi amekataza kwa kidole, anasema zinavuja maji na hazina la kusema. Forosadi za kwa jirani huenda zikafaa, zikiwa nyingi, na akamulie ndimu. Zambarau sijui atazitoaje kokwa zote zile, na zina ukakasi. Ila mkate awe nao makini, na siku ya kuiweka kwenye friji aangalie kwanza kama LUKU ina uniti za umeme, asije akanilaumu mimi.

Hela ya dawa nimemtumia Kaka Athumani, ukipata nijulishe. Wape salamu wote, na shangazi umwambie sijaanza kula maini mabichi.

Ah, kinu. Yale maji yalipanda juu ya kisahani usiku, yakaingia chini ya jiwe. Nimesugua kwa ndimu, kwa chumvi, kwa sabuni ya unga. Chini kimebaki na duara la zambarau, na kitunguu saumu nilichokitwanga jana kimetoka na rangi yake. Nikija nacho usinianzie mlangoni.

Mwanao,
Rehema