Kupiga ripa si kulima nusu

Ndugu Mhariri,

Naendesha trekta la kukodisha huku Basotu, wilayani Hanang, na kila msimu ubishi ni uleule. Mteja anataka plau ya sahani, kisha haro ya kuvunja mabonge mara mbili, ikibidi tatu, mpaka shamba liwe jeusi na laini kama unga wa ulezi. Nikimshauri nipige ripa tu, yaani meno ya chuma yanayochana mistari ardhini bila kugeuza udongo, mabua ya ngano ya mwaka jana yabaki juu ya ardhi, ananiuliza alipie vipi shamba ambalo halijalimwa.

Kwa mfuko wangu plau na haro ni nzuri, kwani nalipwa kwa ekari na kila nikirudi ni malipo mengine. Lakini ngano yetu tunaipanda Februari na Machi, na Mei mvua inaaga. Baada ya hapo mmea unaishi kwa maji yaliyohifadhiwa ardhini. Kila haro inatoa udongo wenye unyevu chini na kuuanika juani. Sahani nazo zikipita kina kilekile miaka nenda rudi, zinashindilia udongo wa chini hadi unakuwa tabaka gumu. Mvua kubwa ikija maji hayazami, yanateremkia korongoni pamoja na udongo wenyewe.

Anayebisha achukue sururu. Msimu uliopita nilimchimbia mzee mmoja shimo shambani kwake, siku chache baada ya mvua. Kina cha kiganja palikuwa pamelowa. Chini ya hapo sururu ilidunda, na mizizi ya ngano ilikuwa imepinda na kutambaa pembeni. Kwa jirani yake aliyepiga ripa, unyevu ulikuwa umeshuka karibu kina cha mkono hadi kiwiko. Mzee akauliza bei ya ripa.

Sisemi ripa inamaliza kila tatizo. Magugu huongezeka miaka ya mwanzo, na dawa ya kuyaua ni gharama. Tena kuacha plau huku ardhi iko uchi ni hasara tupu: matone yanaipiga, uso wake unajifunga, maji yanakimbia. Mabua ndiyo yanayoizuia hali hiyo, na hapo ndipo penye ugomvi, maana kombaini ikitoka tu mifugo inaingia. Siwalaumu wafugaji; kiangazi ng'ombe wale nini? Ila serikali za vijiji zingeweza kutusimamia tukubaliane kiasi cha kulishwa na kiasi cha kubaki, na wenye kombaini wakate juu kidogo badala ya kunyoa.

Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini inaagizwa kutoka nje, nasi tunahimizwa mbegu bora na mbolea kila mwaka. Ombi langu ni kwamba mikopo ya matrekta iambatane na ripa, si plau peke yake. Na kwenye maonesho ya Nane Nane pale Themi, Arusha, wataalamu wachimbe mashimo mawili, la plau na la ripa, watu waingize mikono wenyewe.

Dereva wa trekta,
Basotu, Hanang